Wagonjwa Wahesabiwe kwa Ngoma

Imeota mizizi katika nchi yetu dhana kwamba takwimu za maradhi ni amana ya wasomi, na kwamba mtu wa pwani, awe mvuvi wa Kaole au mama alimaye mwani Mlingotini huko Bagamoyo, yamtosha wimbo wa kumhimiza anawe mikono na achemshe maji. Dhana hiyo ni batili, na wakati wa kipindupindu huua.

Watu hawa, ambao kwa umri wa mwezi huijua siku ya bamvua na siku ya maji mafu, wakapanga kazi na riziki ya watoto wao juu ya hesabu hiyo, hawawezi kushindwa kufahamu kwamba wagonjwa wa juma hili ni maradufu ya wale wa juma lililopita, ila wawe hawakuambiwa. Na aghalabu hawaambiwi. Huletewa amri pasi na sababu, kisha wakilegea hutuhumiwa ujinga.

Jambo hili si geni. Kipindupindu kilipotoka bara mwaka 1869, kikatokea Pangani na kuvuka hadi Unguja, tabibu James Christie aliifuatilia njia yake kwa bidii ya kusifiwa, akaichapisha London mwaka 1876, katika lugha wasiyoijua wale waliozika maiti zao kandokando ya njia hiyo.

Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kuisikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Sikio lilipewa hoja, likazipokea.

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, leo TaSUBa, na ina watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walioijaribu chanjo ya malaria. Kwa nini basi hesabu za watafiti hawa zisitiwe katika mikono ya wasanii wale? Ngoma ya chapuo ipige pigo moja kwa kila mgonjwa, ngoma ya vumi ijibu kwa kila aliyefariki, siku ipite kwa pumzi moja, bila ya jina la mtu kutajwa: sikio lililolelewa na ngoma litaisikia kasi ikizidi, bila ya kungoja kufunzwa kusoma mchoro.

Wako wasemao kwamba idadi hutia watu hofu. Hofu huletwa na uvumi, nao hushamiri pale serikali inaponyamaza. Kipindupindu kikiingia tena Mkoa wa Pwani, hesabu ya kila kata na ifike kwa wapiga ngoma siku ile ile ipelekwapo Dodoma.