Pengo la bima ya afya nchini Tanzania

Pengo la bima ya afya ni kipindi ambacho mtu hana bima kwa sababu ile aliyokuwa nayo imekwisha na nyingine haijaanza. Katika baadhi ya nchi pengo hilo huzibwa kwa bima ya muda, ambayo hudumu miezi michache tu. Nchini Tanzania mifumo mikubwa ya bima hufuata ajira, masomo au mchango wa mwaka wa kaya. Kwa hiyo mtu anayebadilisha hali yake ya maisha anaweza kupoteza bima hata kama afya yake haijabadilika.

Chanzo

Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Baada ya hapo bima ilianzishwa kwa makundi. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mshahara ukikoma, mchango nao hukoma, na familia nzima huathirika.

Mfano wa Msimbu

Msimbu ni kata ya Wilaya ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, jirani na Dar es Salaam. Kijana wa huko anayesoma chuo anaweza kuwa na bima ya wanafunzi ya NHIF, ambayo kwa miaka mingi ililipiwa Sh 50,400 kwa mwaka. Akihitimu, bima hiyo humalizika. Akipata ajira rasmi ataingia tena kupitia mwajiri, lakini akirudi nyumbani kulima au kufanya biashara ndogo, hakuna anayemkata mchango.

Njia iliyokuwa rahisi zaidi kwake ni CHF iliyoboreshwa, iliyoanzishwa mwaka 2018. Nje ya Dar es Salaam kaya ya watu wasiozidi sita ililipa Sh 30,000 kwa mwaka. Huduma zake huanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Pwani ni Tumbi iliyoko Kibaha. Mgonjwa anayehitaji matibabu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili huwa nje ya kiwango hicho. Kwa hiyo mtu aliyetoka NHIF na kuingia CHF bado ana bima, lakini bima hiyo haifiki mbali kama ile ya kwanza.

Ugumu wa bima ya muda

Bima husimama pale wenye afya wanapochangia pamoja na wagonjwa. Bima ya hiari na ya muda mfupi huwavutia zaidi wanaojua kwamba watatibiwa karibuni, na mfuko huweza kulipa kuliko unavyokusanya. Jambo hilo lilionekana katika Toto Afya Kadi. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ikieleza kwamba gharama zilizidi michango kwa kuwa wengi walisajiliwa wakiwa tayari wagonjwa.

Nchini Marekani, sheria ya COBRA ya mwaka 1985 humruhusu aliyeacha kazi kubaki katika bima ya mwajiri, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini anaweza kutakiwa kulipa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Bima za muda mfupi za huko huwa nafuu zaidi, ila zinaweza kumkataa mtu mwenye ugonjwa wa awali.

Nchini Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF wa nchi hiyo, na wanachama walitakiwa kujisajili upya. Pengo, basi, linaweza kutokana pia na mabadiliko ya mfumo wenyewe.

Bima ya Afya kwa Wote

Mnamo Novemba 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Sheria hiyo pia inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Lengo lake ni kwamba anayeacha kazi au chuo abadilishe njia ya kuchangia tu, bila kutoka katika bima.

Mafanikio yake yatategemea miezi ya katikati: nani atalipa kati ya mshahara wa mwisho na mchango wa kwanza wa kaya, na usajili mpya utachukua muda gani. Sera ya msamaha katika vituo vya serikali huwahusu wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, miongoni mwa wengine. Kijana aliyehitimu au mfanyakazi ambaye mkataba wake umekwisha hayumo katika makundi hayo kwa sababu hiyo pekee.