Mtoto Atapita Wapi?



Viwanja vipimwapo pembezoni mwa Tarime na Mugumu, sote hufurahi, maana kiwanja chenye mawe ya mpaka na hati hupunguza ugomvi. Lakini tuutazame na mchoro wenyewe. Mtaa mzima ukitengwa kwa makazi tu, bila duka, mashine ya kusaga wala zahanati, tumejenga mabweni ya kulala.

Nani atalipa? Si mwenye gari. Ni mama aliyejitwika debe la mahindi, ni mtoto wa shule atembeaye ukingoni mwa barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, ni mzee ambaye nauli ya bodaboda humalizia fedha ya dawa.

Kosa hili si geni kwetu. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipofika Mara, nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na wengi wakajikuta mbali na mashamba yao.

Watasema biashara huleta kelele. Kweli, baa isiwe dirishani pa mgonjwa. Lakini genge la mboga limemkosea nani? Viwanja vya makazi na biashara vinatambulika katika mipango miji yetu; basi vitengwe ndani ya kila mtaa, si kando ya barabara kuu peke yake. Kubadili matumizi ya ardhi baadaye huhitaji kibali, na maskini hana nguvu ya kukifuatilia.

Basi, mchoro ungali mezani, twendeni mkutanoni tuulize: mtoto atapita wapi?