Warudishieni watoto kubadilishana

Na Wambui Koech

Jioni, shule zikishafungwa, si ajabu kukuta kundi la watoto wa Kaptembwa au Langa Langa, hapa Nakuru, limezunguka simu moja. Mmoja anafungua pakiti ya wachezaji kwenye mchezo wa soka wa eFootball, wengine wamekodoa macho waone atatoka nani. Wazazi wengi huona hapo mwendelezo wa mchezo wa zamani wa kukusanya picha za wanasoka, ule uliovuma duniani baada ya kampuni ya Panini ya Modena, Italia, kutoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970. Mimi naona kitu kingine kabisa. Faida ya picha zile kwa mtoto ilikuwa katika kubadilishana, na hicho ndicho simu imekiondoa.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Albamu ya Kombe la Dunia la 2022 ilikuwa na nafasi 670. Mtoto anayenunua peke yake, asibadilishane na mtu, atahitaji kwa wastani picha 4,700 hivi ndipo aijaze, maana kadiri mapengo yanavyopungua ndivyo kila pakiti inavyomletea sura alizo nazo tayari. Pengo la mwisho peke yake humdai wastani wa picha 670. Lakini wakae watoto kumi kibarazani, kila mmoja na bunda lake, na mzigo huo unashuka sana: picha iliyojirudia kwa huyu ndiyo anayoikosa yule. Hapo mtoto hujifunza kupatana bei bila pesa, kutoa mabeki wawili apate kipa mmoja, kukataa bila kugombana, na kutimiza kesho alichoahidi leo. Kwenye eFootball, mchezo ambao Konami huutoa bure, mchezaji uliyempata huwezi kumpa rafiki yako wala kumbadilisha naye. Aliyekosa hana wa kumwendea. Njia yake ni kufungua tena, na sarafu za mchezo zikimwishia, nyingine zinauzwa kwa pesa halisi. Kwetu mchezo wa namna hiyo una jina: pata potea.

Nitaambiwa kwamba hata pakiti ya karatasi hufunguliwa kwa kubahatisha. Ni kweli, na sitetei biashara ya Panini. Tofauti ni kwamba bahati mbaya ya karatasi ilikuwa na dawa, na dawa hiyo ilikuwa jirani. Nitaambiwa pia kwamba huu ni mchezo tu. Ubelgiji hawakuona hivyo: mwaka 2018 tume yao ya kamari iliamua kwamba pakiti za kubahatisha katika michezo kadhaa, ukiwemo mchezo wa soka wa FIFA, ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA iliyoutoa ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo. Sisi tunamkataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, na Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Tunawezaje basi kumwachia mtoto wa miaka kumi mazoezi ya kitu kilekile? Wengine watasema mzazi ashike simu yake. Ana wajibu huo, naam, ila mama anayerudi jioni kutoka shamba la maua Naivasha hatamshinda mtoto kwa marufuku matupu. Mtoto anahitaji kitu cha kushika badala yake.

Na kitu hicho tunaweza kukitengeneza wenyewe: picha za wanamichezo wetu. Faith Kipyegon, aliyesoma sekondari Keringet katika kaunti hii, ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu mfululizo, na tarehe 5 Julai 2025 huko Eugene alikimbia dakika 3:48.68, rekodi ya dunia. Siku hiyohiyo Beatrice Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 5000 chini ya dakika 14. Katika soka, Nakuru All Stars walitwaa ligi ya kwanza ya taifa mwaka 1963. Ulinzi Stars walichukua ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 2003, kisha tena 2010. Mtoto anayejua kasi na nguvu za kila mshambuliaji wa Ulaya kwa tarakimu anastahili kuzijua tarakimu hizi pia.

Sekondari ya msingi tayari ina somo la Sanaa Bunifu na Michezo. Kila mwanafunzi achore mwanamichezo mmoja tu, nakala kumi, nyuma aandike mwaka, muda au mabao, kisha atafute waliobaki kwa wenzake. Seti haiwezi kukamilika bila kubadilishana. Kinachohitajika ni karatasi ngumu, rangi na mkasi. Kombe la Afrika la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Walimu wa Njoro, Molo na Gilgil, anzeni muhula ujao.