Berlin haikuchora mpaka wa Kilimanjaro

Makala inayowataka wanafunzi wakariri kwamba “Mkutano wa Berlin uliigawa Afrika” inawapa alama za mtihani na kuwanyima historia. Mkutano wa 1884–85 uliweka kanuni: biashara huru katika bonde la Kongo, na masharti ya kutwaa pwani mpya. Mjerumani Carl Peters alipewa hati ya ulinzi ya Kaisari kwa maeneo aliyoyadai Afrika Mashariki tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa. Mstari wa mpaka kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, unaopinda Kilimanjaro, ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886. Upande wa bara, mapatano hayo yalimwachia Sultani Barghash wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi na miji michache ya pwani ya kaskazini tu. Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima nayo itupwe!