Msimu Ulionyamaza Si Ahadi



Sisi wa Babati maisha yetu tumeyafunga na misimu. Vuli ya Oktoba hadi Disemba hutufungulia mashamba, na masika ya Machi hadi Mei hukuza mazao. Wazee wetu waliyasoma mawingu yaliyotanda juu ya mlima Kwaraa, wakajua siku ya kupanda. Siku hizi dalili hizo zinawahadaa hata waliozizoea. Vuli huchelewa, kisha mvua ya wiki nzima ikamwagika kwa usiku mmoja. Mwaka unaofuata mambo hutulia, nasi tukasema: Alhamdulillah, yamepita.

Kushukuru ni wajibu. Kosa letu ni kuugeuza utulivu wa mwaka mmoja kuwa ahadi ya mwaka ujao.

Tuwakumbuke jirani zetu wa Hanang. Mnamo Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua nyingi kwa sababu ya El Nino. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Disemba, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano: miamba laini ilinyonya maji, ikalemewa, ikakatika. Mlima ule watu walikuwa wakiuamkia kila siku, nao ukiwa kimya.

Miezi mitano baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, pwani yetu ilitishwa na kimbunga kilichoitwa Hidaya. Vyombo vya usafiri wa majini vilisitisha safari, na watu wakahadharishwa. Kimbunga kilifika upande wa Mafia, kisha kikapungua nguvu. Kabla yake, Aprili 2021, kimbunga Jobo nacho kilidhoofika kabla ya kutufikia. Basi wapo walionung'unika kwamba wataalamu hututisha bure. Ndugu zetu, aliyeonywa kisha akasalimika hakudanganywa. Amepewa nafasi nyingine, naye ataulizwa aliitumiaje.

Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipoona wingu au upepo mkali, wasiwasi ulidhihiri usoni pake. Alipoulizwa kwa nini, ilhali watu hufurahi wakitarajia mvua, alikumbusha kuwa wapo watu waliowahi kuona wingu wakadhani ni mvua, kumbe ni adhabu. Sisi husema dalili ya mvua ni mawingu. Yeye alitufundisha tusijiaminishe kwa dalili. Na ndiye aliyemwelekeza mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Kumfunga ngamia hapa kwetu ni kufanya nini?

Kwanza, ni viwanja. Kiwanja cha kando ya korongo kavu huuzwa kwa bei nafuu, na mnunuzi huambiwa kwamba maji hayajapita pale miaka mingi. Huenda ni kweli. Lakini korongo halikuchimbwa na watu. Maji ndiyo yaliyolichimba, nayo njia yao hawaisahau. Ziwa Babati nalo limewahi kufurika zaidi ya mara moja. Muuzaji Mwislamu anayeificha aibu ya bidhaa yake anajua hukumu yake. Sembuse aibu itakayoweza kuwazika watoto wa mwenziwe!

Pili, ni nyumbani. Baba na mama wakae na watoto, wakubaliane: mvua ikizidi usiku, tunakimbilia kwa nani aliye mahali pa juu? Nani atambeba bibi? Vyeti viko wapi? Mtoto afundishwe kutovuka kijito kilichojaa, hata akichelewa shule au madrasa.

Tatu, ni misikitini. Vipaza sauti vinavyotuita kwenye swala vinaweza pia kutufikishia tahadhari usiku wa manane. Tunawaomba maimamu wetu, kila utabiri wa msimu unapotoka, wausome kwa muhtasari baada ya swala ya Ijumaa, na kamati za misikiti ziwajue wajane, wagonjwa na wazee wanaoishi mabondeni.

Na miche ya miti tuipande kwenye miteremko sasa, wakati mbingu zimetulia. Siku ya mafuriko hakuna apandaye mti.

Tumwombe Allah (S.W.) mvua yenye manufaa, awarehemu waliotutangulia pale Hanang, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia kabla ya kujuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.