Mshindi Halipi

"Hongera mteja! Namba yako imeshinda shilingi 5,000,000. Tuma shilingi 25,000 za usajili upokee zawadi yako leo. Usimwambie mtu."

Mtu akitapeliwa kwa ujumbe kama huu, majirani husema, "Tamaa imemponza." Mimi sikubaliani nao.

Kampuni za simu na benki huendesha promosheni za kweli, na washindi hutangazwa redioni. Kuamini kwamba umeshinda, basi, si ujinga. Tapeli hujificha nyuma ya jambo linalotokea kweli. Ndivyo ulivyo pia ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kariakoo, ambako kila siku kuna mfanyabiashara anayedaiwa pesa ya mzigo, ukitumwa kwa watu wengi lazima umfikie mmoja aliyekuwa anajiandaa kulipa. Yuko dukani Mtaa wa Kongo, wateja wamemzunguka, anatuma bila kupiga simu kuuliza. Hapo tamaa iko wapi?

Wengine hufundisha kwamba utapeli hujulikana kwa makosa ya tahajia. Matapeli wa sasa huandika Kiswahili safi kuliko insha nyingi ninazosahihisha. Dalili ya uhakika ni moja: mshindi anaombwa kulipa. Kama kweli wana milioni tano zako, wakate elfu ishirini na tano humo humo, wakutumie zinazobaki. Na anayekuomba namba ya siri ili "aingize" zawadi ni mwongo, kwa sababu kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba ya siri. Inahitajika kutuma na kutoa.

Lawama ya tamaa ina hasara nyingine. Aliyeibiwa huona aibu, hunyamaza, na namba iliyomwibia huendelea kuibia wengine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040: unatuma ujumbe wa utapeli huko, kisha namba iliyoutuma. Aliyekwisha kutuma pesa apige simu huduma kwa wateja papo hapo, kabla tapeli hajaitoa kwa wakala. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, lakini wapo wanaosajiliwa laini kwa majina yao bila kujua. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Nayasema haya kwako mwanafunzi kwa sababu nyumbani, iwe Buguruni au Gerezani, wewe ndiwe unayepewa simu na kuambiwa, "Hebu nisomee hii." Bibi akikuuliza kama ni kweli ameshinda, usicheke. Ukicheka leo, ujumbe mwingine utakapoingia hatakuonyesha. Muulize tu, "Bibi, wanataka tuwatumie shilingi ngapi?"