Konje na barabara: watu wa theluji wanatufundisha nini?

Kila mwaka, mu Desemba na Januari, ndugu zetu wenye kuishi Liège, Brussels ao Lille wanatutumiaka picha: motoka imefunikwa na theluji paka ku kioo, mutu amevaa makoti mawili, anafukua njia ili atoke ku nyumba. Wiki chache zikipita, picha ingine inafika: mutu ule ule, na muke na watoto, amevaa kaputula pembeni ya bahari, jua linawaka. Sisi tunacheka, tunasema: "Ni pesa ya Wazungu ile."

Pesa iko, siwezi kukataa. Lakini katikati ya picha zile mbili kuna kitu kingine: sheria mbili. Moja ni sheria ya barabara, yenye kulazimisha mutu atengeneze motoka yake mbele ya hatari kufika. Ya pili ni sheria ya likizo, ile tunaita konje. Juu mvua za kwanza zimeanza kugonga bati zetu, nataka tuongelee zote mbili, sisi watu wa ngodi na wenye nyumba zetu.

Theluji haipendi haraka

Kwa ule hajaiona, theluji ni maji yenye kuganda kule juu mu mawingu, inashuka polepole sawa pamba. Mu barabara, motoka zikiikanyaga mara mingi, inakuwa ngumu na yenye utelezi. Mchana inayeyuka kidogo, usiku inaganda tena, inabaki barafu nyembamba yenye jicho haioni. Wafaransa wanaiita verglas. Shofere anafikiri barabara ni kavu, kumbe anatembea juu ya kioo.

Mipira ya kawaida ya motoka inakuwa migumu mu baridi, haishiki tena. Njo maana wanavaa mipira ya baridi: kauchu yake inabaki laini, na usoni iko na mikato midogo-midogo yenye kuuma theluji. Ku mbavu ya mupira wamechora mlima wenye ncha tatu na nyota ya theluji ndani.

Lakini mupira peke yake hauendeshi. Shofere wa theluji anaondoka polepole, mara mingi mu vitesi ya pili, ili mipira isizunguke bure. Anaacha nafasi kubwa kati yake na motoka ya mbele. Mu mteremko hakanyagi freni kwa nguvu. Anashusha vitesi, motere yenyewe inazuia motoka. Ikianza kuteleza, anatoa mguu ku gesi, anaangalia kule anataka kwenda, anapeleka usukani kule bila kuuvuta kwa ghafula. Ndani ya motoka kuna blanketi, maji ya kunywa na tochi, na haachi tanki ikauke, juu barabara ikifungwa anaweza kukaa mule masaa mingi.

Shofere yeyote mwenye kufanya njia ya Kolwezi–Likasi mu Februari, akisoma maneno haya, atasema: "Lakini hii ni potopoto yangu!" Ni kweli. Theluji na potopoto ni watoto wa mama mumoja. Zote mbili zinamuadhibu mutu wa haraka na mupira uliokwisha.

Tofauti ni hii. Kule Ufaransa, tangu tarehe 1 Novemba 2021, mu vijiji na miji ya milima yenye serkali imetaja, kila motoka inapaswa kuwa na mipira mine ya baridi, ao kubeba cheni za kufunga ku mipira, kuanzia tarehe 1 Novemba paka tarehe 31 Machi. Austria wanaanza siku ile ile ya 1 Novemba, wanaenda paka tarehe 15 Aprili, kama barabara iko na theluji ao barafu. Na meno ya mupira wa baridi yanapaswa kufika milimeta 4. Ujerumani sheria haitaji mwezi, inaangalia hali ya barabara siku ile. Ubelgiji hawalazimishi, lakini Mubelgiji akivuka mpaka wa Ujerumani ao Luxembourg wakati wa theluji, sheria inamungojea pale.

Angalieni vizuri zile tarehe. Novemba paka Machi. Njo masika yetu! Miezi ile theluji inawashika wao, njo miezi mvua inatushika sisi. Wao wameweka tarehe ku kalendari, na mipira inabadilishwa mbele. Sisi tunangoja motoka ianguke mu mufereji, kisha tunachanga pesa ya matanga.

Safari ya jua inaanzia ku meza

Tuje sasa ku picha ya pili, ile ya kaputula. Tuseme mufanyakazi wa Lille, ku kaskazini ya Ufaransa, anataka kupeleka jamaa yake ku jua mu Februari, wakati masomo yamefungwa kidogo. Anachagua Menton, mji wa mwisho mbele ya kuingia Italia, pembeni ya bahari ya Mediterania. Kule, mu mwezi ule wa baridi, malimau yanaiva ku miti, na kila mwaka wanafanya sikukuu ya malimau. Toka Lille paka Menton ni zaidi ya kilometa 1,000.

Mutu yule haamki asubuhi na kuwasha motoka tu. Siku zake za konje amezijua miezi mingi mbele, juu zimeandikwa. Muke wake naye ameomba zake zifanane. Wamehesabu esanse, peaje na nyumba ya kulala. Fundi amepima freni, taa, betri na mipira, na ule mutumba wa akiba nao umepigwa upepo. Wanajua siku gani wasiondoke: tangu 1976, Ufaransa wako na huduma moja inaitwa Bison Futé, inatangaza mbele siku zenye motoka nyingi, kwa rangi. Kijani ni mwendo mzuri. Nyeusi ni siku ya mateso.

Na mu njia, kila masaa mawili wanasimama. Si juu ya uvivu. Ni onyo yenye kutolewa kila mwaka kwa wote: usingizi unaua sawa verglas. Kwa mashofere wa makamio makubwa si onyo tena, ni sheria ya Ulaya nzima: masaa 4 na nusu ku usukani, kisha dakika 45 za kupumzika. Niambieni, shofere wetu wa kamio ya asidi ao ya kobalti, mwenye kulala chini ya kamio yake mu mustari wa Kasumbalesa, nani anamuhesabia masaa yake?

Konje haikuanguka toka mbinguni

Kuna watu wanafikiri Mzungu alizaliwa na vakansi mukononi. Hapana. Mu Mei na Juni 1936, wafanyakazi wa Ufaransa walisimamisha kazi inchi nzima, walikaa ndani ya viwanda. Serkali ya Léon Blum ikatoa sheria ya tarehe 20 Juni 1936: majuma mawili ya konje yenye kulipwa, ni kusema siku 12 za kazi. Ubelgiji, kisha mgomo mukubwa wa Juni 1936, sheria ya tarehe 8 Julai ilitoa siku 6. Zilikuwa kidogo, lakini mulango ulifunguliwa. Ufaransa wakaongeza juma la tatu mu 1956, la ine mu 1969, la tano mu 1982.

Na wale wa kwanza hawakuenda na motoka. Walienda na treni kwa tiketi ya bei ya kupunguzwa, wengine na kinga, baba mbele, mama nyuma. Motoka ndogo sawa 4CV na 2CV zilikuja kisha vita, na njo zilijaza ile barabara Nationale 7 yenye kutoka Paris paka Menton. Konje ilitangulia, motoka ilifuata.

Wachimbaji hawakusahauliwa. Kisha vita, watu wa makaa ya mawe wa Nord na Pas-de-Calais walipata nyumba yao ya vakansi ku La Napoule, karibu na Cannes, ndani ya château pembeni ya bahari. Mutu mwenye kupitisha mwaka chini ya udongo, mapafu imejaa vumbi, alipanda na muke wake kwenda kuona maji ya bluu. Mimi nikifikiri ile, roho inanisimama. Mutu wa shimo, sawa sisi.

Na sisi je?

Code du travail yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwajiri atoe konje kila mwaka wa kazi ukitimia. Kipimo cha chini, kwa mutu wa miaka zaidi ya 18, ni siku 1 ya kazi kwa kila mwezi muzima, na siku 1 ya kuongeza kwa kila miaka 5 ndani ya kampani ile ile. Piga hesabu: miezi 12, siku 12. Ni kipimo kile kile Mufaransa alipata mu 1936. Kampani zingine zinatoa zaidi, juu sendika ilipigania. Lakini ku kampani ndogo za sous-traitance, kule vijana wetu wengi wanafanya, hata zile 12 ni bahati.

Kibaya kupita ni vile tunaziuza. Mutu anasaini karatasi kwamba alipumzika, kumbe alikuwa ku poste, falanga kidogo mu mufuko. Najua sababu: minerval ya watoto, kodi ya nyumba, mugonjwa ku hospitali. Simuhukumu. Lakini kampani inanunua ile siku kwa bei rahisi, na mwili unalipa deni peke yake. Na mutu wa kuchoka njo ule anachukua usukani kisha poste ya usiku, anataka kufika Lubumbashi mbele watoto waende ku masomo. Mvua inanyesha, taa za makamio zinampiga mu macho. Tunajua mwisho wake, tumezika wenzetu.

Kuna watu wataniambia: "Delege, mishahara haitoshi, wewe unatuletea mambo ya theluji na vakansi?" Nawajibu: si lazima bahari ya Mediterania. Jua Mungu alitupa hapa bure. Mu Julai, masomo yamefungwa, mvua hakuna, barabara ni kavu: mutu apeleke watoto kuona maporomoko ya Kiubo ku mto Lufira, ao kumuona nkambo wao ku kijini, ao akae tu ku nyumba alale paka saa tatu. Lakini zikuwe siku zake, zijulikane mbele, na zilipwe.

Tena muone hii. Mu migodi yetu ya wazi, mvua kubwa ikinyesha, zile benne kubwa zinasimama paka njia ikauke na grederi ipite. Hakuna mukubwa anabishana, juu benne ni ya bei kali. Lakini saa ile ile, bisi ya wafanyakazi, mipira laini sawa kichwa cha muzee, inatembea mu utelezi ule ule na watu 50 ndani. Mawe yanangoja njia ikauke. Watu hawangoji. Njo kitu kinaniuma.

Kwa ile naomba madelege wote wapeleke mambo tatu ku meza ya wakubwa.

Ya kwanza: tarehe 1 Novemba ikuwe siku ya mipira kwetu pia. Mbele ya tarehe ile, komite ya usalama, pamoja na madelege, ipime mipira, freni, taa na visafisha-kioo vya kila bisi yenye kubeba wafanyakazi, na zile za sous-traitance ndani. Bisi yenye kushindwa isitembee paka mwisho wa masika.

Ya pili: liste ya konje itundikwe ku ukuta mbele ya mwisho wa Machi, na Julai na Agosti zigawanywe kwa zamu, mwaka huu wewe, mwaka ujao mimi, ili kila mzazi apate nafasi ya kukaa na watoto wake wakati masomo yamefungwa.

Ya tatu: mutu akitoka poste ya usiku asishike njia ndefu. Alale kwanza, ao kampani imupe nafasi mu motoka yenye shofere aliyelala.

Na ninyi wamama, musitegemee madelege peke yao. Baba akifika ku nyumba, mumuulize: "Siku zako za konje ni ngapi? Zimeandikwa wapi?" Akisema hajui, kesho yake arudi ku biro aulize. Na mukimuona anawasha motoka na macho mekundu, mufiche funguo. Heri akasirike paka saa sita kuliko tumuombolezee siku tatu.